Mishumaa ya Kuchuruzika Chupani: Kasoro Inayoweza Kuuzwa

Somo letu la leo ni juu ya kitu kidogo ambacho wengi wetu tumekiona na tukapita tu. Ni chupa tupu iliyochomekwa mshumaa mdomoni, nta imeteremka juu ya mabega ya chupa, tabaka juu ya tabaka, mpaka imefanana na ndevu za mzee. Kuna watu wakiiona husema ni uchafu. Wengine huuliza ni pesa ngapi.

Nianze na kisa. Kikundi kimoja cha akina mama ninachokifahamu, na jina sitalitaja, kilianza kutengeneza mishumaa ya kuuza kijijini kwa siku zile stima inapopotea. Walinunua nta, wakakata bomba la plastiki kuwa kalibu, wakamwaga. Mishumaa ilitoka mieupe, mizuri kuangalia. Lakini kuiwasha, wee! Inalia upande mmoja, nta inatiririka mezani, na kabla ugali haujaiva mshumaa umekwisha. Wenye maduka wakairudisha, katoni mbili nzima. Mweka hazina alikaa na uso wa matanga, maana pesa iliyonunua nta ilikuwa ya mchango wa mzunguko, na mama mmoja alikuwa amekubali zamu yake isogezwe ili kazi ianze. Mama huyo alikuwa na karo ya kulipa.

Basi akapita mama mmoja mwenye hoteli ndogo kando ya barabara kuu. Alipoambiwa habari ya mishumaa inayolia akacheka, akasema, "Hiyo ndiyo natafuta. Ile mizuri haitaki kulia." Akachukua katoni zote mbili za kuweka kwenye chupa za mvinyo katika meza zake. Furaha ilikuwa kubwa. Baada ya mwezi akaagiza nyingine, na kikundi kikatia bidii zaidi: utambi ukavutwa ukanyooka, nta ikamwagwa pole pole, kila kitu sawasawa. Akaiwasha hotelini. Ikawaka wima kama askari wa gwaride, hakuna tone hata moja. Akairudisha!

Kwa hiyo kikundi kilirudishiwa mishumaa mara ya kwanza kwa kuwa ilichuruzika, na mara ya pili kwa kuwa haikuchuruzika. Shida yao haikuwa uvivu. Hawakujua kwa nini mshumaa hulia, kwa hiyo hawakuweza kuuamuru ulie au unyamaze. Hilo ndilo tunalotaka kujifunza hapa, pamoja na mambo ya moto, ambayo nitayakalia sana kwa sababu nitakayoieleza.

KWA NINI MSHUMAA HULIA

Washa mshumaa mahali pasipo na upepo, uutazame kwa dakika kumi. Utaona juu yake pamefanyika kikombe kidogo: katikati nta imeyeyuka, ukingoni bado ni ngumu. Kikombe hicho ndicho siri yote. Bwana mmoja Mwingereza, Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyekuja kuwa mwanasayansi mkubwa, alitoa mafunzo sita juu ya mshumaa kwa vijana jijini London, kuanzia mwishoni mwa mwaka wa 1860. Alieleza hivi: hewa moto hupanda juu ya mwali, na hewa baridi hupanda kutoka chini kando kando ya mshumaa kuchukua nafasi yake. Hewa hiyo baridi ndiyo inayoupoza ukingo usiyeyuke. Kikombe kikikaa sawa, utambi unakunywa nta pole pole na hakuna kinachomwagika.

Sasa kibomoe kikombe upande mmoja. Upepo ukiingia dirishani, mwali unalala upande wa pili na ukingo wa huko unayeyuka. Nta inapata mlango, inatoka. Utambi ukiwa haujakaa katikati, inakuwa vile vile, hata kama hakuna upepo. Utambi ukiwa mnene kuliko mshumaa wenyewe, joto linazidi na ukingo wote unalegea. Na mshumaa mwembamba sana hauna ukingo wa kutosha hata ukitaka kuulinda. Ile mishumaa ya kwanza ya akina mama ililia kwa sababu utambi haukufungwa ukakazwa ndani ya bomba. Nta ilipomwagwa, ukajikunja kando. Hilo tu.

Ukitazama vizuri utaona pia kwamba nta iliyoteremka na kuganda inasimama kando ya mshumaa kama mguzo mdogo. Mguzo huo umetoka nje, hewa inaupoza kuliko sehemu nyingine, kwa hiyo hauyeyuki upesi, na tone la pili huteremka juu ya la kwanza. Ndiyo maana chupa hupata zile kamba kamba ndefu, wala si rojo moja iliyotandaa.

NTA GANI

Nta ya mishumaa ya kawaida inaitwa parafini. Tafadhali, isichanganywe na ile parafini ya koroboi, yaani mafuta taa! Jina ni moja na asili ni moja, mafuta ghafi ya petroli, lakini moja ni ngumu na nyingine ni maji. Nimewahi kuulizwa kama mtu anaweza kuongeza mafuta taa kwenye nta ili iwe laini. Jibu ni hapana, na hapana tena. Sufuria itashika moto kabla hujamaliza kukoroga.

Watengenezaji wa mshumaa wa kuangazia huongeza stearini, ambayo hutoka katika mafuta ya wanyama au ya mawese, kama sehemu moja kwa sehemu tisa za parafini. Stearini huufanya mshumaa uwe mgumu na usilie ovyo. Kwa mshumaa wa kuchuruzika iacheni. Lakini mjue kwamba bila stearini nta hung'ang'ania kalibu, kwa hiyo pakeni bomba mafuta ya kupikia kidogo sana ndani kabla ya kumwaga.

Kwa maoni yangu kuchovya ni bora kuliko kumwaga. Mnachukua mkebe mrefu uliojaa nta iliyoyeyuka, mnafunga utambi kwenye kijiti, mnauzamisha, mnautoa, mnangoja upoe, mnazamisha tena. Baada ya mara ishirini au thelathini mnao mshumaa, mwembamba juu na mnene chini, na huo hulia vizuri sana. Kalibu hamhitaji. Vijiti kumi vinaweza kuzunguka kwa zamu, huku watu wanaongea mambo ya kikundi. Nta isiwe moto kupita kiasi, la sivyo kila mnapozamisha inaondoa ile iliyokwisha kuganda. Kama hamna kipimajoto, acheni vipande vichache ambavyo havijayeyuka vibaki chini ya mkebe. Vikiwako, joto ni la kufaa.

Utambi uwe wa pamba. Sukeni nyuzi tatu za pamba kama mnavyosuka nywele, kwa sababu utambi uliosukwa hujipinda ncha wakati unapowaka na kujimaliza wenyewe. Nyuzi za nailoni hazifai, zinayeyuka. Kwa mshumaa wa kulia, sukeni unene uliozidi kidogo ule wa mshumaa wenu wa kawaida. Mkitaka ulie upande mmoja tu, chukueni msumari, mkwaruze kijito kidogo ukingoni.

Kuhusu rangi, kalamu za nta za watoto wa shule zinayeyuka na kupaka rangi, ndiyo, lakini chenga zake huziba utambi na mwali unakuwa mdogo. Zitumieni kwa tabaka la mwisho la nje tu. Rangi za maji hazikubali kabisa kuchanganyika na nta. Pambo linalopendeza zaidi, nionavyo, linatokana na kubadilisha: leo mshumaa mweupe, kesho mwekundu, keshokutwa wa kijani, na chupa inaonyesha historia yake.

Wale mlioko Kitui, Baringo, Pokot na sehemu nyingine za ufugaji wa nyuki mtauliza, na nta ya nyuki je? Ni nta nzuri mno, inayeyuka kwenye nyuzi 62 mpaka 64, inanukia asali, na masega yake watu wengi bado wanatupa baada ya kukamua. Msiyatupe. Lakini kuitumia kwa mshumaa wa kuchuruzika ni kama kunawa miguu kwa maziwa. Ni ngumu, hailii kwa urahisi, na bei yake iko juu. Iuzeni kwa wanaotengeneza mafuta ya kujipaka na dawa ya viatu, na pesa hiyo mnunulie parafini.

Njia ya bei nafuu kabisa ni vipande vya mishumaa iliyokwisha. Kanisani kila wiki hubaki vichwa vya mishumaa. Mwombeni anayetunza sakristia, kwa adabu na kwa ruhusa, awawekee katika mkebe. Yeyusheni, mtoe tambi za zamani, mchuje kwa kitambaa. Nta ya mchanganyiko kama hiyo haina sifa moja, na kwa mshumaa wa kuangazia ingewasumbua. Kwa wa kulia haina neno.

CHUPA NA HABARI YAKE

Mtindo huu haukuanzia kwetu, na habari yake ina funzo kwa vikundi vya kusuka. Huko Italia, mkoa wa Toscana, mvinyo wa Chianti kwa karne nyingi ulitiwa katika chupa yenye tumbo la mviringo iitwayo fiasco. Chupa ya namna hiyo haiwezi kusimama, kwa hiyo ilivikwa kikapu cha majani makavu ya kinamasi, yaliyoipa kitako na kuilinda isivunjike njiani. Waliosuka vikapu hivyo walikuwa hasa wanawake, wengi wakiwa katika sehemu za mji wa Empoli, wakifanya kazi nyumbani kwao kwa malipo ya kila kipande. Waitaliano walipohamia Marekani na Uingereza na kufungua hoteli zao, chupa zilizokwisha mvinyo hazikutupwa. Zilipachikwa mishumaa na kuwekwa juu ya vitambaa vya mirabaraba myekundu na myeupe. Kufikia miaka ya 1950 na 1960 hiyo ilikuwa picha ya hoteli ya Kiitaliano kokote uendako, hata mwenye hoteli asiyekuwa Mwitaliano aliiga.

Kazi ya akina mama wale baadaye ilipungua sana. Kusuka kwa mkono kulikuwa ghali, kikapu cha plastiki kikaingia, na watengenezaji wengi wa mvinyo wakahamia chupa ya kawaida iliyonyooka. Nalitaja hili kwa sababu kuna vikundi vimeniuliza kama wanaweza kuvika chupa ukili au katani ya kiondo. Mnaweza, na inapendeza, lakini hesabuni saa za kusuka kabla ya kutaja bei. Na kikapu kiishie nusu ya chini ya chupa. Sababu nitaisema nikifika kwenye moto.

Chupa ya mvinyo ndiyo inayofaa zaidi. Mdomo wake kwa ndani ni kama milimita 18 na nusu, kwa hiyo mshumaa wa sentimita 2 ukichongwa kidogo chini kama penseli unaingia na kukaza. Ukilegea, dondosheni nta ya moto mdomoni kwanza, ndipo mchomeke. Msikaze kwa karatasi wala kitambaa. Chupa za soda na za bia zinazorudishwa ziacheni, hizo zina amana yake na mwenyewe anazitaka. Chupa iliyowahi kutiwa dawa ya kuogesha ng'ombe au ya kunyunyizia kahawa isiingie katika nyumba ya mtu, hata ioshwe mara saba. Lebo hutoka kwa kuloweka usiku kucha katika maji ya vuguvugu yenye sabuni. Msimwage maji yanayochemka juu ya chupa baridi, itapasuka mikononi.

Katika semina moja mama mmoja mzee alisimama akaniuliza, "Mwalimu, chupa ya pombe juu ya meza yangu? Katekista akija kuomba na sisi atasema nini?"

Nikamwambia, "Mama, lebo tunaibandua."

Akasema, "Lebo itatoka mwalimu, umbo litabaki."

Watu walicheka mpaka machozi, lakini mama alikuwa na haki yake. Kikundi kile kiliamua kutumia chupa za siki na za juisi kwa nyumba zao, na za mvinyo kwa oda za hoteli. Sioni ubaya wowote. Kila kikundi kijue wanunuzi wake ni nani.

Mkishapata chupa, itieni mchanga mkavu mpaka theluthi moja ili isianguke ikiguswa na kiwiko. Chupa yenye mabega ya kuteremka hupata kamba ndefu, na yenye mabega mapana hupata kofia ya nta kwanza, kisha ndipo huanza kumwagika. Mshumaa wa kwanza hautoshi, msikate tamaa. Ni baada ya mitatu au minne ndipo chupa huanza kuvaa.

MOTO

Sasa nieleze kwa nini ninakalia jambo hili. Yaliyonipata yalikuwa nyumbani kwangu mwenyewe, na sina wa kulaumu.

Nilikuwa na chupa yangu ya kwanza, nimeipenda, nimeiweka juu ya kabati la mbao, chini yake kitambaa kilichofumwa na mke wangu. Walikuja wageni, tukala, na ilipofika saa tatu tukawasindikiza. Mnajua kusindikiza kwetu. Mnafika langoni, mnasimama, mazungumzo yanaanza upya, mnafika barabarani, yanaanza tena. Tuliporudi chumba kilikuwa kimejaa moshi. Mshumaa ulikuwa umekwisha mpaka shingoni mwa chupa, mwali umeingia ndani ya mdomo, kioo kimepata joto upande mmoja na kupasuka. Nta yote ya moto ilimwagika juu ya kitambaa. Kitambaa cha pamba kilicholowa nta, ndugu zangu, ni utambi mkubwa. Kilikuwa kinawaka chote, na pazia lilikuwa limeanza. Mtoto wetu wa miaka minne alikuwa amelala chumba cha pili. Tuliwahi. Ukuta ulibaki mweusi, na mimi nilibaki nikitetemeka mpaka asubuhi.

Kwa hiyo sheria ya kwanza: mshumaa ukibaki vidole viwili juu ya mdomo wa chupa, uzimwe. Si kuungojea umalizike. Ya pili: chini ya chupa pawe na sahani ya bati au ya udongo, siyo kitambaa, siyo mkeka, siyo plastiki. Ya tatu: hakuna mtu chumbani, hakuna moto chumbani. Hata kama ni kusindikiza wageni kwa dakika tano.

Jueni pia jinsi nta inavyowaka. Bonge la nta peke yake ni vigumu kuliwasha kwa kiberiti. Linahitaji utambi. Lakini kitu chochote kinachonyonya nta kinaweza kuwa utambi: uzi, jani kavu, kijiti cha kiberiti kilichoangukia katika kikombe cha mshumaa. Wakati wa mvua kumbikumbi wakija kwenye mwanga, wakaungua na kuzama katika nta, kila mmoja anaweza kuwa utambi mdogo. Ghafla mshumaa una miali mitatu. Toeni uchafu huo wakati mshumaa umezimwa. Na hapa ndipo penye ile sababu ya kikapu. Chupa iliyovikwa majani makavu mpaka shingoni, kisha nta ikamwagika juu yake miezi mingi, imekuwa mshumaa mmoja mkubwa unaongoja cheche. Chupa zile za hoteli za Kiitaliano zilikuwa nzuri kwa picha, lakini mimi nisingelala nyumba moja nazo. Kwa nyumba ya makuti au nyasi, au kitanda chenye neti karibu, pambo hili likae bila kuwashwa.

Kuyeyusha nta nako kuna hatari yake. Sufuria ya nta isikae moja kwa moja juu ya jiko. Wekeni mkebe wa nta ndani ya sufuria ya maji, maji yachemke, yaipashe nta pole pole. Maji hayapiti nyuzi 100 kwetu, na sehemu za juu kama Limuru au Nyahururu huchemka hata kabla ya hapo, kwa hiyo nta haiwezi kufika kiwango cha kujiwasha maadamu maji yapo. Mtu mmoja awe mlinzi wa maji, yasikauke. Nta ikianza kutoa moshi, imepita kiasi, iondoeni.

Ikiwaka, msimwage maji! Nasema tena kwa sababu mkono wa mtu yeyote hukimbilia maji. Maji yakigusa nta inayowaka hugeuka mvuke mara moja, na mvuke hujaa nafasi kama mara 1,700 ya yale maji, hivyo nta ya moto inarushwa mpaka darini na nyusoni. Funikeni kwa kifuniko cha bati au sinia, moto ukose hewa, jiko lizimwe, msifunue mpaka ipoe. Kifuniko kiwe tayari kando ya jiko kabla nta haijaanza kuyeyuka, na watoto wawe mbali.

Aliyemwagikiwa na nta moto apozwe kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Nta iliyoganda na kung'ang'ania ngozi msiibandue kwa nguvu, itaondoka na ngozi. Msipake dawa ya meno, wala siagi, wala unga. Funikeni kwa kitambaa safi, mumpeleke zahanati, hasa kama ni usoni, mikononi, au ni mtoto.

PESA

Nimewaona watu wakifurahia chupa kwa sababu "ni ya bure". Chupa ya bure ina nauli ya kuifuata, sabuni ya kuiosha na mtu wa kuiosha.

Tuseme mna kilo 5 za nta. Mshumaa wenye unene wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 20 una uzito wa gramu 55 hivi, kwa hiyo mtapata kama mishumaa 90. Toeni mitano ya kuharibika, imebaki 85. Mkisema muuze chupa iliyokwisha kuvaa nta, na kila chupa inakula mishumaa minne, mna chupa 21 tu. Tena mtu alikaa akilinda moto saa nyingi, na nyingine zitavunjika kwa matatu. Kuna wanaofupisha kazi kwa kushika mshumaa unaowaka ukiwa umeinama juu ya mabega ya chupa, wakiuzungusha. Ni sawa kwa kuanzisha, lakini mnunuzi mwenye jicho ataona kamba zote zina urefu mmoja.

Mimi ningeshauri kuuza chupa iliyovaa kidogo, mshumaa mmoja tu, pamoja na mishumaa mitatu ya ziada iliyofungwa kwa uzi. Wanunuzi wengi hupenda kuona chupa ikikua nyumbani kwao wenyewe. Kazi yenu inapungua, mzigo unasafiri salama, na kuna jambo la maana zaidi: chupa inauzwa mara moja, mshumaa unatakiwa kila wiki. Yule mama wa hoteli chupa anazo za kwake. Anachohitaji ni mtu wa kumletea mishumaa inayolia, Jumatatu kwa Jumatatu, bila kubadilika. Siku hizi taa za sola zimeingia mpaka vijijini na stima imefika kwa wengi, kwa hiyo mshumaa wa kuangazia soko lake linapungua. Wa kupamba meza haushindani na sola.

Kwa hiyo wekeni daftari. Kila mnapotengeneza, andikeni aina ya nta, unene wa utambi, mara ngapi mlichovya, na mshumaa wa kujaribu ulilia vipi. Washeni mmoja katika kila ishirini kabla ya kupeleka oda. Na kila fungu liwe na karatasi ndogo yenye zile sheria tatu za moto, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Kile kikundi cha kwanza nilichosimulia kilirudia oda kwa kuchovya, utambi mnene, bila stearini. Ililia. Mama mwenye hoteli alilipa, na yule aliyesogezewa zamu alipewa pesa zake, ingawa muhula ulikuwa umekwisha anza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO

1. Washeni mishumaa miwili, mmoja karibu na mlango ulio wazi na mwingine pembeni. Upi umelia kwanza, na nta imeteremka upande gani? Kwa nini?

2. Nani katika kikundi chenu atakuwa mlinzi wa maji siku ya kuyeyusha nta, na kifuniko cha kuzimia moto kitakaa wapi?

3. Je, ni haki kutumia pesa za mzunguko kununua vifaa kabla ya oda kupatikana? Mwenye zamu akisogezwa, mnamwandikia nini katika daftari?

4. Katika eneo lenu, nani anahitaji mshumaa wa kuangazia na nani anahitaji wa kupamba? Tajeni watu watatu mnaoweza kwenda kuwauliza wiki hii.